Mabomba Yenye Viraka

Baba yangu amevaa futi shingoni tangu kabla sijazaliwa. Nasema futi ya kitambaa, ile kamba laini ya kupimia ya mafundi cherehani. Zamani ilikuwa ya njano. Siku hizi rangi yake haina jina. Huivaa akienda dukani, huivaa akienda hospitali, na siku tuliyomzika baba mdogo alisimama kaburini akiwa nayo mpaka shangazi akaja kumvua. Mtaani wanamwita Mzee Kipimo. Jina hilo alipewa kwa heshima, kwa sababu katika miaka thelathini na mitano ya kushona hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo akisema inambana au inampwaya, na jambo hilo yeye mwenyewe hulikumbusha bila kuombwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje Mzee Kipimo akakosea vipimo vya mabomba yote ya nyumba yake, najua anatafuta kucheka, nami namwacha acheke. Ila namtaka akae asikilize mpaka mwisho, maana watu wa mtaa wetu wana tabia ya kuondoka na nusu ya habari.

Mambo yalianza Mama alipoanguka. Choo chetu kilikuwa nyuma ya nyumba: unatoka mlango wa jikoni, unashuka ngazi tano za saruji, unapita chini ya kamba za nguo, ndipo unafika. Mama alizishuka ngazi hizo miaka yote ya ndoa yake, akiwa na mimba ya Dada na baadaye akiwa na mimba yangu. Asubuhi moja ya mvua mguu ukateleza kwenye ngazi ya tatu, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali akapelekwa kwa Dada, mkubwa wangu, ambaye choo chake kiko ndani, hatua nne kutoka kitandani. Akakaa huko miezi mitatu akijifunza upya kutembea, kwanza kwa kushikwa, kisha kwa mkongojo.

Baba alikwenda kumwona kila siku baada ya kazi. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anamsimulia nani ameleta kitambaa gani, kisha anarudi nyumbani kula chakula nilichopika mimi, ambacho hakupata kukisifu hata siku moja. Mimi ndiye mtoto wa pili na wa mwisho. Nafanya kazi masijala, kazi ya kutafuta mafaili yaliyopotezwa na wakubwa, naishi na wazazi wangu, na nina hasira za karibu.

Kisha mume wa Dada akapata uhamisho. Mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na waondoke Jumapili ya mwisho wa mwezi. Dada akasema Mama atakwenda nao. Hakuwa na ubaya wowote. Ndiye aliyemwogesha Mama miezi yote ile, na alijua uzito wake ulivyo mikononi.

"Pale nyumbani atakwendaje chooni, Baba?" akauliza. "Utambeba wewe, na mgongo wako huo?"

Mama akajibu kabla Baba hajafungua kinywa. "Mimi sitaki kubebwa na mtu yeyote kwenda chooni. Kukiwa na choo ndani, nitarudi kwangu. Kisipokuwepo, nitaondoka na mwanangu, na sitamlaumu mtu."

"Kitakuwepo," Baba akasema.

Kesho yake alianza kuhamisha cherehani. Chumba kinachopakana na cha wazazi wangu ndicho kilichokuwa chumba chake cha kazi tangu alipooa, na ndicho alichokitoa kiwe bafu na choo. Mashine mbili, meza ya kukatia, na lile sanamu la kujaribishia nguo lisilo na kichwa, vyote vikaingia sebuleni, tukawa tunakula chakula tukitazamana na sanamu. Kisha nilimwona akipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, akifuta alama za miguu ya meza, sakafu ambayo mwashi angekuja kuivunja baada ya saa moja.

Mwashi akaja, akafanya yake, akaweka vigae, akaondoka. Fundi bomba naye akaja. Huyu mtaani wanamwita Nakuja, kwa kuwa ndilo neno analolisema kwenye simu, awe anakuja au haji. Tusimwonee, alianza vizuri: alichimba njia ya maji machafu, akaiunganisha na shimo, akaweka kiti cha choo kikakaa imara. Yakabaki mabomba ya maji safi, kutoka kwenye tangi lililo nyuma ya jiko, kupitia ukumbini, mpaka bafuni. Hapo Nakuja akapata kazi kwenye jengo la ghorofa upande wa pili wa mji. Tulimpigia Ijumaa, akasema nakuja. Jumamosi, nakuja. Jumapili alisema yuko njiani, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ya kuchanganya zege.

Ilikuwa imebaki wiki moja. Jumatatu asubuhi, siku ya kwanza ya likizo yangu, likizo niliyoiomba tangu mwaka jana ili nipate kulala, Baba akanigongea mlango. Alikuwa na daftari lake la vipimo mkononi na kalamu sikioni.

"Amka unishikie futi," akasema. "Bomba ni mshono tu. Tofauti yake ndani mnapita maji."

"Baba, tutafute fundi mwingine."

"Nimetafuta. Wote wako kwenye lile ghorofa. Mimi nimeshona suti sita za harusi kwa siku nne, ukuta ndio utanishinda?"

Nikaamka. Ningefanyaje?

Lazima nieleze namna Baba anavyofanya kazi, kwa sababu humo ndimo kosa lilimojificha. Fundi bomba wa kweli, haya nimekuja kuyajua baadaye, hupima kipande kimoja, hukikata, hukiweka mahali pake, ndipo anapima kinachofuata. Fundi cherehani hafanyi hivyo. Yeye hupima mwili mzima, huandika kila kitu daftarini, hukata vipande vyote mezani, na kushona kunakuja mwisho. Baba akaipima nyumba yetu namna hiyohiyo, kama mteja aliyekuja kushonesha koti. Mimi nashika ncha ya futi, yeye anasoma na kuandika. Kutoka tangi hadi ukuta wa jiko, sentimita mia mbili na arobaini. Ukuta wa ukumbi, mia tatu. Kona hadi kwenye sinki, sitini. Vilikuwa vipande kumi na kimoja. Pale bomba lilipopinda kwenda juu ya mlango aliandika "bega", na nilipomuuliza akasema bega ni bega.

Mabomba huuzwa marefu, ya mita sita, na ujia wa kwetu una kona mbili zisizopitisha hata godoro bila watu kutukanana. Kwa hiyo karatasi ya vipimo aliipeleka kwa Mama Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, akamwomba amkatie hukohuko dukani. Jioni tukavibeba nyumbani, vipande kumi na kimoja vimefungwa pamoja kwa ukanda wa koti la mtu.

Jumanne Baba alivipanga sakafuni kwa mfuatano, akaanza kuvijaribisha ukutani. Cha kwanza hakikufika kwenye kona. Cha pili hakikufika. Cha tatu alikigeuza akakitazama upande wa pili, kana kwamba upande huo ungekuwa mrefu zaidi. Kufika saa sita mchana alikuwa amevijaribu vyote, na hakuna hata kimoja kilichofika kilikotakiwa.

"Mama Misumari amenipunja," akasema. Aliisema kwa sauti ndogo, na Baba akipunguza sauti ujue ameudhika kwelikweli.

Mimi nikavitazama vile vipande. Cha sitini kilikuwa kimepungua upana wa kidole. Cha mia tatu kilikuwa kimepungua upana wa kiganja kizima. "Baba, mwizi gani huyu," nikamwambia, "anaiba kidogo kwenye kifupi na kingi kwenye kirefu? Huyu anajua hesabu kuliko mkuu wetu wa masijala."

Alishavifunga tena vipande na kutoka. Nikamfuata mbio, kanga yangu ikiwa na vumbi la saruji, kwa sababu niliogopa atakachokwenda kusema.

Dukani palikuwa na wateja watatu. Mama Misumari ni mwanamke mnene, mtulivu, anayeuza misumari kwa kuitia kwenye mizani bila kuitazama, na hakosei. Baba aliweka mzigo wake juu ya meza ya duka.

"Mama," alianza, "mimi si mteja wako wa jana. Nilichokukosea ni nini mpaka unikatie mabomba mafupi? Nyumbani nina mgonjwa anayesubiri."

Wale wateja wakaacha mazungumzo yao. Mama Misumari akafungua droo, akatoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Baba mwenyewe, akaikunjua. Akachukua futi yake ya chuma, akapima kipande cha kwanza. Mia mbili na arobaini. Cha pili, mia tatu. Kila alipopima alikigeuza kwa Baba ili asome mwenyewe.

"Basi futi yako ina kasoro," Baba akasema.

Mama Misumari akachukua futi nyingine, mpya, ikiwa bado kwenye pakiti, akaipasua mbele yetu. Mia mbili na arobaini. Mia tatu. Kisha akanyoosha mkono kwa Baba, polepole, kama anayeomba kumshika mtoto wa mtu. "Nipe yako, mzee wangu."

Baba akaivua shingoni. Mama Misumari akazilaza mbili zile juu ya meza, ya kitambaa na ya chuma, ncha kwa ncha, akazinyoosha. Sote tukainama. Mita ya Baba ilikuwa imeipita mita ya chuma kwa vidole viwili. Ile futi ilikuwa imevutwa kwenye vifua na viuno vya watu miaka thelathini na mitano, ikarefuka, na kila sentimita yake ilikuwa imenenepa kidogo bila kumwambia mtu.

Baba alipitisha kidole pale palipozidi. Nilitamani wale wateja waondoke, hata mmoja tu. Hawakuondoka. Ndipo akasimama wima, akasema, "Nimekukosea mbele za watu, mama. Na mbele za watu hawahawa naomba radhi."

"Yameisha," Mama Misumari akasema. "Kitu cha miaka yote hiyo hata mimi ningekiamini. Na suruali ya mume wangu uliyoshona mwaka jana imemkaa vizuri mpaka leo."

Nimempenda yule mama tangu siku ile.

Mabomba mengine hayakuwepo. Lile ghorofa lilikuwa limezoa yote ya saizi yetu, na mzigo mwingine ungeingia wiki ijayo, wakati Mama ameshaondoka. Mama Misumari akatoa kopo lililojaa soketi. Soketi ni kijibomba kifupi chenye mdomo mpana huku na huku: unaingiza bomba upande huu, bomba upande ule, gundi ndani, yanakuwa moja. Alikuwa na vipande vilivyobaki vya mabomba, vya kukatwa vidogovidogo. Kila bomba letu lililopungua lingeongezwa kipande kwa soketi.

"Hicho ni kiraka," Baba akasema.

"Ni soketi, mzee."

"Ni kiraka, mama. Kiraka nakijua."

Akazichukua. Na futi mpya ya chuma akapewa pia, ya kuazima, akaniambia niishike mimi.

Tulipofika kona ya kwanza ya ujia akapunguza mwendo. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwapima watu uongo," akasema.

Nikamweleza nilivyoelewa mimi: kwamba futi iliyompima mtu ndiyo hiyohiyo iliyopima kitambaa chake, kwa hiyo nguo ingekataaje? Futi ile ilikosana na futi za madukani tu. "Na tena, Baba, kiuno cha mtu wewe unakisoma kidogo kuliko kilivyo. Ndiyo maana wanawake hawakuachi."

Hakucheka. Lakini aliivaa tena shingoni, na hatua zake zikarudi kuwa zake.

Jioni ile nilimpigia Mama simu kumweleza, kwa sababu nilikuwa nikimpa habari za kazi kila siku kama mtangazaji wa mpira. Nilitegemea atasikitika. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, nikamsikia akiomba mto.

"Mimi hayo niliyajua zamani," alisema alipopata pumzi. "Nimenenepa kila mwaka tangu nikuzae wewe, na kwenye daftari la baba yako nabaki vilevile. Ulitaka nimwambie?"

"Mama, ungemwambia angenunua nyingine."

"Ndicho nilichokuwa sitaki. Ile nilimnunulia mimi, mwaka tuliooana, alipokuwa anapima watu kwa uzi." Nikamsikia akipanga mto. "Kinakwendaje hicho choo?"

"Kinakwenda," nikasema, ingawa kilikuwa bado kiko kwenye kopo la soketi.

Jumatano na Alhamisi tuliweka viraka. Baba alikata kwa msumeno wa chuma, mimi nikapima kwa futi ya kuazima, na tulipima kipande kimoja kimoja, tukakiweka ukutani kwanza, ndipo tukaenda kwenye kingine. Alikuwa amejifunza, lakini kila mara alipofikia kiungo chenye soketi uso ulimkunjamana. Nguo haikuwahi kutoka mikononi mwake ikiwa na kiraka, isipokuwa mteja alete shati lililochanika. Soketi alizipaka gundi kwa brashi ndogo kwa uangalifu uleule anaotia kwenye kola, akafuta iliyochuruzika, akazungusha soketi ili maandishi yaangalie ukutani. "Kama ni kiraka," alisema, "basi kiwe kiraka safi."

Ijumaa saa nne asubuhi nikapanda kufungua koki ya tangi, nikarudi ndani. Maji yakashuka, tukayasikia yakipita ukutani, tukatazamana. Nilikuwa nimeanza kutabasamu wakati kipande cha juu ya mlango, bega lenyewe, kilipochomoka na kuruka ukumbini, na maji yakamwagikia sanamu sebuleni, mashuka tuliyofunikia cherehani, na mimi. Nilipanda tena nikafunga koki huku nikisema maneno ambayo binti hapaswi kuyasema mbele ya baba yake.

Baba alikuwa ameketi kwenye vigae vyenye maji. "Bega nililipiga bandi tu," akasema.

Wasiojua, kupiga bandi ni ule ushonaji wa kupitisha, uzi mrefu mwepesi unaoshikilia nguo mteja aijaribu kabla hujaishona kwelikweli. Baba alikuwa amelichomeka lile bomba bila gundi ili aone limekaaje, kama anavyofanya na mikono ya makoti, kisha akasahau kurudi. Kosa hilo duniani lilikuwa na mtu mmoja wa kulifanya, na mtu huyo nilikuwa ninaishi naye.

Nilitaka kufoka. Nilishafungua mdomo. Halafu nikaona mikono yake. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa gundi, vidole ambavyo maisha yake yote amevitunza kwa mafuta visikwaruze hariri ya mtu, na alikuwa akivitumia kuhesabu saa zilizobaki. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kufikiri kwamba Baba anaogopa. Nilidhani ni mkaidi tu. Nikakaa chini kwenye maji pembeni yake.

"Tutalipaka sasa hivi," nikasema. "Likauke mpaka kesho asubuhi. Dada na Mama wanakuja saa tisa."

"Lisiposhika je?"

"Litashika."

Tukalipaka, mara hii soketi kwa soketi tukizigusa zote kwa kidole na kuzihesabu kwa sauti. Yakabaki mambo mawili ya kufanya wakati gundi inakauka: kukausha nyumba, na kuweka chuma cha kushikia, fimbo ndefu ya chuma kwenye ukuta wa pembeni ya choo, kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, ili Mama asimame na atembee kwa kukishika. Urefu wa kukiweka kutoka sakafuni ndio uliokuwa swali. Baba akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ulio wa Mama, unaoandikwa upya kila mwaka anapomshonea gauni. Magauni yote ya Mama yana mifuko. Hapendi nguo isiyo na mfuko, na Baba huuweka pale mkono wake unapoanguka wenyewe. Imeandikwa: mfuko hadi sakafu, sabini na tisa.

"Mkono wake umezoea hapo," Baba akasema. "Chuma kikae hapo."

Nikachukua futi ya chuma, nikapima sabini na tisa, nikachora alama. Baba akaja akasimama nyuma yangu.

"Umepima kwa ipi?"

"Hii ya chuma."

"Futa," akasema. Akaivua futi yake shingoni. "Mama yako sikumpima kwa hiyo."

Akachutama, akakanyaga ncha moja kwa kidole cha mguu, akaivuta juu ukutani, akachora alama yake kwa chaki ya cherehani. Ilipita yangu kwa vidole viwili vyembamba. Tukatoboa hapo.

Jumamosi asubuhi akaizungushia kila soketi duara la chaki hiyohiyo, ya buluu. Chaki ikilowa hubadilika rangi na kuchuruzika, hata kama tone lenyewe halionekani. Nikafungua koki. Maji yakashuka, yakapita, yakafika. Baba alitembea na ukuta kutoka soketi hadi soketi, akainamia, akapandia kiti, akarudi mwanzo. Alifanya hivyo mpaka saa nane. Chakula alikataa.

Saa tisa gari la Dada likasimama nje. Begi la Mama lilibaki ndani ya gari, kwa sababu walikuwa wamekubaliana aone choo kwanza. Mama akaingia sebuleni kwa mkongojo, hatua ndogondogo, akasimama kati ya mashine mbili na sanamu.

"Wageni watakaa wapi sasa?" akauliza.

"Watasimama," Baba akajibu.

Dada alitangulia ukumbini. Ana jicho, Dada. Alitazama mabomba yalivyopita, akaanza kuhesabu kwa midomo. "Baba, mbona viungo ni vingi hivi? Na hizi alama za chaki?" Hakungoja jibu. "Kimoja kikiachia, na Mama yuko peke yake humu ndani, atateleza tena. Na mimi nitakuwa mbali. Nitafikaje?" Sauti ilimkatika pale mwisho.

Baba akainamia soketi iliyo karibu. Mimi nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali, lakini Mama akaunyanyua mkongojo kidogo.

"Nipisheni," akasema. "Nimebanwa."

Akaingia, akafunga mlango, tukasikia komeo. Tukabaki watatu ukumbini. Mkongojo uligonga vigae mara nne, kisha ukanyamaza. Baba alikuwa anaizungusha futi kwenye kidole, anaizungua, anaizungusha tena. Niligundua nimeushika mkono wa Dada, na sijui nani aliyeanza. Maji ya choo yakaporomoka. Likafuata bomba la sinki, likafunguliwa, likafungwa. Halafu kimya, kirefu, mpaka Dada akapeleka mkono kwenye kitasa.

"Mwache," Baba akasema.

Komeo likafunguka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina maji. Mkongojo alikuwa ameuacha kule ndani, umeegemea sinki, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kile chuma, umelala tu, haukushikilia kwa nguvu.

"Nimepeleka mkono mfukoni," akamwambia Baba, "nikakuta chuma."

"Sabini na tisa."

"Za dukani au za kwako?"

"Zako."

Mama akamgeukia Dada, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, kwa sababu alijua anamuumiza. "Mwanangu, nimekuchosha miezi mitatu na hukuninunia hata siku moja. Sasa nenda kanitolee begi langu."

Dada alilia kidogo, akacheka kidogo, akatoka kwenda kwenye gari. Mama akaanza safari yake ya kwenda chumbani kwake, akinitegemea mimi begani. Nilipogeuka kumwita Baba atufungulie mlango, nilimkuta amechutama chini ya sinki, miwani kwenye ncha ya pua, anapitisha kidole juu ya chaki ya soketi ya mwisho. Ilikuwa kavu.